Fahali wa Dalmas kwenye Ukuta wa Darasa

Fahali alikufa akiwa hana kosa, na alikufa vibaya. Mikuki ilimwingia ubavuni, shingoni na tumboni, na mmoja ukamtoboa jicho. Hata alipopiga magoti wanaume waliendelea kumchoma huku wakipiga kelele kwamba ameua mtu. Alikuwa fahali mweupe wa jirani yetu Dalmas. Dalmas mwenyewe alikuwa amelala hatua kumi kutoka hapo, kichwa kimepasuka nyuma, mdomo umejaa vumbi. Mtu wa kwanza kupaza sauti, "Fahali! Fahali amemuua!" alikuwa Robinson, mdogo wa marehemu mume wangu.

Ilikuwa Agosti mwaka wa 2023, siku mbili baada ya kumzika baba mkwe wangu, Mzee Ogola, nyumbani kwetu Seme, karibu na ziwa. Sisi ni watu wa kanisa, lakini mzee aliacha neno kwamba afanyiwe tero buru, na neno la mzee kama yule halikuwa la kupuuzwa. Kwa asiyejua, hiyo ni desturi ya Wajaluo ya kukifukuza kifo bomani. Wanaume hujipaka majivu, hubeba mikuki na marungu, huwatanguliza ng'ombe mbele, na wote hukimbia hadi mpakani wakipigana na adui asiyeonekana. Majirani huleta mafahali wao kwa heshima ya marehemu. Kwa heshima hiyo Dalmas alikuja na wake, ingawa yeye na Robinson walikuwa wamegombania mpaka wa shamba kwa miaka sita na kutukanana hadi kwa chifu.

Polisi walifika, wakaandika kwamba marehemu alikanyagwa na mnyama. Nani angebisha? Tulikuwa watu zaidi ya mia mbili na vumbi lilitufunika wote. Caren, mke wa Dalmas, alifiwa na mume, akapoteza na fahali, adhuhuri moja, kisha watu wakamlaumu kwa kufuga mnyama mkali.

Naandika haya kwa sababu ya maneno yanayosemwa juu ya Mwalimu Agneta, mke wa Robinson. Wanasema aliuza boma la Ogola kwa simu. Mimi ni Dorca, mjane wa Odongo aliyekuwa kifungua mimba wa boma hilo, na nilikagua shule za wilaya hii hadi nikastaafu. Jina letu halitaachwa litembezwe sokoni pamoja na dagaa wa omena. Nitasema ilivyokuwa, hata pale yanaponihusu mimi.

Wakati Dalmas anakufa, Agneta alikuwa amesimama juu ya jukwaa la tangi la maji, simu mkononi, anarekodi. Hakuwa akimpeleleza mtu. Alikuwa anatafuta somo la Kidato cha Tatu.

Agneta si Mjaluo, ni Mbukusu, binti ya mzee Wakhisi wa Bungoma. Alikuja kwetu mwaka wa 1998 kufundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa iliyo juu ya barabara, mwembamba, mwenye sauti ya kukatisha maziwa. Robinson, aliyekuwa na mashine ya kusaga, akamwoa. Kwa miaka zaidi ya ishirini alifundisha ngeli kwa chaki na adabu kwa kiboko. Kiboko kilipokatazwa na serikali, akatumia kipande cha mpira wa baiskeli. Wanafunzi walimwita Transfoma, kwa sababu ukimgusa unaungua. Niliwahi kukagua darasa lake, nikakuta watoto wanaandika huku mikono imevimba, na maksi zao zikiwa za juu kuliko za shule jirani. Sikuandika lolote kuhusu mikono.

Naye nyumbani alipigwa. Tulijua. Robinson alikuwa na mkono mwepesi tangu ujana wake, na sisi bomani tuliyaita mambo ya watu wawili.

Kisha wanafunzi wa zamani wakaichangia shule projekta na kompyuta ndogo za kubeba. Mwalimu mkuu, Bwana Wekesa, akatangaza kwamba kila mwalimu ataitumia. Kipindi cha kwanza cha Agneta na mashine hiyo kilidumu dakika kumi. Picha ilitokea kichwa chini miguu juu. Darasa likacheka.

"Madam, tupindue madawati ama tusimame na vichwa?" mmoja akauliza.

Agneta akamzaba kofi mpaka damu ikamtoka puani. Mzazi akaja juu. Bwana Wekesa akamwita ofisini.

"Mwalimu, ukimpiga mtoto mwingine nitakuandikia barua," akamwambia. "Na usipotumia ile mashine, nitakuandikia pia."

Hivyo likizo ya Aprili, miezi minne kabla ya msiba, alikuja na ile projekta na kompyuta kwangu Kaloleni mjini Kisumu, katika nyumba hii ya zamani ya baraza la mji, ili Becky amfundishe. Becky ni binti yangu, anafanya kazi benki. Tuliondoa picha zote za familia ukutani, ikiwemo ya mume wangu akiwa na joho lake la shahada, ili ukuta ubaki mweupe. Kila jioni Agneta alikaa mbele ya ile kompyuta kama mtu aliyeitwa kuhojiwa.

"Anti, mbona unakishika hicho kipanya kama unakinyonga?"

"Kinatoroka."

"Hakitoroki. Ni wewe unakifukuza."

Siku ya tatu kompyuta iligoma, Agneta akaichapa kofi. Becky aliifunga, akaishika kifuani.

"Sikiza, Anti. Hii haikuogopi. Ukiipiga inakufa tu, na hutajua ilikuwa na shida gani. Jiulize, nimebonyeza nini?"

"Ingekuwa Kidato cha Pili, sasa hivi ingekuwa imeshasema."

"Ingekudanganya ndiyo uache kuipiga."

Agneta akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Tangu hapo alijifunza haraka. Alijifunza kurekodi, kukata, kuunganisha, kuhifadhi nakala. Kilichompendeza zaidi ni kupunguza kasi. Alimrekodi mwanamke akiuza maji mtaani Nyalenda, akaiweka video ukutani, akaipunguza kasi mpaka maji yakawa yanateremka kama uji.

"Tazama, Mama Becky! Unaona pale mtungi unapojaa na bado anamimina?"

Muhula wa pili hakumpiga mtoto hata mmoja. Bwana Wekesa alinipigia simu kuuliza kama mwalimu wake anaumwa.

Kwa hiyo mzee alipofariki, Agneta alikuja kwangu kwa adabu. Kidato cha Tatu kilikuwa kinasoma miviga, yaani sherehe na desturi za jamii, na kitabu kilikuwa na mchoro mmoja tu usioonyesha kitu. Aliomba arekodi tero buru. Mimi ndiye niliyemruhusu.

Baada ya kifo cha Dalmas aliitazama video ile mara moja kwenye simu. Kwenye kioo kidogo kama kiganja aliona vumbi, pembe na mikuki, akakata sehemu ya mwisho ambapo maiti ilionekana, akadhani amemaliza. Sheryl, binti ya Dalmas, alikuwa katika darasa hilo, lakini hakuwa amerudi shuleni tangu mazishi ya baba yake. Agneta alipanga kufundisha somo hilo kabla hajarudi, ili msichana asiumizwe.

Ijumaa moja ya Septemba wakafunga madirisha kwa magunia. Projekta ikawashwa. Wanafunzi arobaini na sita wakawatazama baba zao na wajomba zao wakikimbia ukutani, wakubwa kuliko walivyo. Walishangilia.

"Huyo ni mjomba! Ona vile anahema!"

"Mwalimu, rudisha hapo! Punguza spidi!"

Akapunguza. Alijivunia kupunguza kasi, aliniambia hivyo mwenyewe. Na ukutani, kwa upana wa mita mbili, vumbi lile lile likawa na watu ndani yake, na kila mtu akawa na uso. Dalmas alionekana akimvuta fahali wake kando, amemshika kamba puani, anamtuliza. Fahali amesimama. Nyuma ya Dalmas akatokea Robinson, majivu usoni, rungu limeinuliwa kwa mikono miwili. Likashuka polepole. Lilichukua muda mrefu kufika. Kichwa cha Dalmas kikaenda mbele, kamba ikamponyoka, na rungu likainuka tena, likashuka tena, kisha mara ya tatu, mtu akiwa tayari yuko chini. Fahali aliruka pembeni kwa hofu. Hakumkanyaga. Robinson akainua uso na kufungua mdomo, na hata bila sauti kila mtu alijua anasema nini.

Nyuma ya darasa mtu akapiga ukelele. Sheryl alikuwa amerudi asubuhi hiyo. Alichelewa, akaingia gizani na kusimama nyuma, na hakuna aliyemwona.

Agneta aling'oa waya kwa nguvu hata soketi ikatoka ukutani.

Mchana huo habari ilifika kwenye mashine ya kusaga kabla Agneta hajafika nyumbani. Robinson hakumuuliza kitu. Alimpiga ngumi ya jicho mlangoni, akamburuta kwa nywele hadi jikoni na kumgongesha kichwa kwenye meza akidai simu. Alipokwenda kutafuta panga, Agneta akatoroka kupitia dirishani, akakimbilia barabarani, na saa kumi na mbili jioni akawa kwangu Kaloleni, jicho limefunga, mkoba wa shule bado begani.

Niliosha damu. Nikamwambia anionyeshe. Akatoa projekta mkobani, akaiweka video ukutani kwangu, nami nikaitazama hadi mwisho nikiwa nimesimama.

"Ifute," nikasema.

"Mama Becky."

"Ifute, Agneta. Tutampa Caren shamba analotaka. Tutamsomesha Sheryl mpaka chuo kikuu. Lakini mtoto wa Ogola asiitwe muuaji. Mume wangu alijenga jina hili kwa miaka arobaini."

"Na Dalmas?"

"Dalmas amekufa. Harudi."

Akashika simu, akaweka kidole pale pa kufutia. Hakubonyeza. Akasema kwa sauti ya chini, ile sauti yake kali ikiwa imekwisha kabisa:

"Nimewachapa watoto wa watu miaka ishirini kwa uongo wa kalamu. Mwingine nilimvunja kidole. Alisema hakuichukua, na kweli hakuwa ameichukua. Mama Becky, uongo huu nao niufanyie nini?"

Nilikasirika. Jumamosi nilimpigia Robinson simu bila kumwambia Agneta. Nilidhani natafuta amani. Nikamwambia mkewe yuko kwangu, video bado ipo, na Jumatatu atarudi kazini, kwa hiyo aje tuzungumze kama watu wazima kabla ya hapo.

"Asante, Mama Becky," akasema kwa upole. "Mimi nimetulia. Hakuna shida."

Hakuja kwangu. Jumatatu saa tatu asubuhi alivuka lango la shule akiwa na mpini wa jembe.

Haya yaliyofuata nilisimuliwa na Bwana Wekesa, na wanafunzi, na Agneta mwenyewe, na hawakutofautiana. Robinson aliingia darasani, Agneta akifundisha Kidato cha Tatu, bila neno. Kitu cha kwanza alichopiga ni projekta. Aliipiga mpaka vioo vikarukia madawati ya mbele. Kisha akaikanyaga kompyuta kwa visigino hadi ikapinda katikati.

"Imeisha!" akapiga kelele. "Hiyo sinema yenu imeisha!"

Alidhani video hukaa ndani ya mashine inayoionyesha. Simu ilikuwa kifuani mwa Agneta, ndani ya blauzi. Hakuna aliyecheka, lakini kijana mmoja akasema, "Mzee, hiyo ni taa tu," na hapo Robinson akamgeukia mkewe. Mpini ulishuka kuelekea kichwani. Agneta aliinua mkono wa kulia na mfupa ukakatika. Walio nyuma waliusikia. Akampiga tena begani, Agneta akaanguka kwenye ubao. Akainua mara ya tatu.

Hakuteremsha. Darasa zima lilimwangukia. Kiti cha kwanza kilimpata usoni, kikavunja meno. Walimvuta chini, wakampiga kwa miguu ya madawati, kwa kufuli, kwa mateke, wasichana kwa wavulana. Watoto wale walikuwa wamejifunza kipigo kwa walimu wao, Agneta akiwemo, na sasa walikuwa wanakirudisha chote kwa mtu mmoja. Sheryl alipita katikati yao akiwa amebeba tofali la kushikilia mlango. Wakampisha. Alisimama juu ya kichwa cha Robinson na kuliinua kwa mikono miwili.

Agneta alijitupa juu ya mumewe. Alilala juu yake na mkono wake uliovunjika ukaning'inia kando, uso wake ukawa chini ya lile tofali.

"Ondoka, Madam," Sheryl akasema.

"Sitaondoka."

"Huyu aliua baba yangu na mkasema ni ng'ombe! Mtasema ng'ombe tena!"

"Sitasema."

"Nyinyi ni familia moja! Mtafuta!"

"Sheryl, niangalie. Sijafuta. Iko hapa." Alijigusa kifuani kwa mkono mzima. "Ukimuua, kesi itakuwa yako, na ya baba yako itakufa leo. Weka chini hilo tofali, twende polisi mimi na wewe."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Na huo mkono?"

"Mkono utangoja."

Msichana alibaki ameliinua, watoto wote wakimtazama. Kisha akalitupa tofali pembeni, likapasua sakafu. Bwana Wekesa aliingia na walimu wengine, wakamburuta Robinson nje akitapika damu.

Agneta alitembea hadi kituo cha polisi, kilomita mbili na nusu, mkono umefungwa kwa sweta ya shule. Sheryl alikuwa ubavuni pake na Kidato cha Tatu chote nyuma. Konstebo aliyekuwa zamu, Khaemba, alimwambia aende kwanza hospitali.

"Andika kwanza," Agneta akasema. "Mimi ni Agneta Nasipwondi Ogola. Mtu aliyemuua Dalmas ni mume wangu."

Alitumia jina letu. Wanaosema alilikana hawakuwa pale.

Kesi ilisikizwa Kisumu mwaka uliofuata. Robinson alikuwa amepona, isipokuwa meno na sikio moja, na wakili wake alisema kwamba katika vumbi lile hakuna awezaye kumtambua mtu. Mahakama ikaomba video. Karani akahangaika na waya zake kwa nusu saa, jaji akaanza kutazama saa. Agneta akaomba ruhusa, akatoka kwenye kizimba cha mashahidi. Mkono wake wa kulia haufungi ngumi tena hadi leo. Kwa mkono wa kushoto akatafuta pale pa kubonyeza, akaunganisha, akazima taa, akapunguza kasi. Alisimama kando ya ukuta kama anavyosimama darasani na kusema, "Huyu ndiye Dalmas. Ameshika kamba. Huyu ni Robinson." Mimi nilikaa mstari wa mbele karibu na Caren. Rungu liliposhuka mara ya pili, Caren alinishika paja kwa kucha hadi zikaingia. Sikuuondoa mkono wake. Robinson alifungwa miaka kumi na minne.

Januari iliyofuata wazee wa ukoo waliitana Seme. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ooko, mdogo wa baba mkwe wangu. Agneta hakuwepo; shule zilikuwa zimefunguliwa na alikuwa na kipindi saa nne. Neno lilikuwa moja, kwamba mwanamke aliyemfunga mumewe asizikwe katika boma la Ogola. Kwetu, mke anayekataliwa kaburi amefutwa kama hajawahi kuolewa.

"Arudi kwa Wabukusu wake," akasema Mzee Ooko. "Nyar Bungoma, huyo binti wa Bungoma, ametuaibisha."

"Aibu ilianza siku gani, Baba?" nikamuuliza.

"Siku alipopeleka hiyo simu polisi."

"Hapana. Ilianza siku tulipochoma fahali asiye na kosa na kumla Caren kwa maneno. Ulikuwepo. Mkuki mmoja ulikuwa wako."

"Min Becky, chunga mdomo. Wewe ni mwanamke."

"Mimi ni mjane wa kifungua mimba. Na nina dhambi kuliko ninyi, kwa maana mimi ndiye niliyemwambia afute, na mimi ndiye niliyempigia Robinson simu." Sikuwahi kulisema hilo mbele ya mtu. "Ninyi mnatafuta jina la Ogola. Aliyelibeba ni yule, kilomita mbili na nusu, mfupa umevunjika. Sisi wengine tulikaa tu."

"Sasa unataka nini?"

Nikatoa karatasi niliyoiandika kwa Kiswahili na Dholuo. Ilisema kwamba Agneta Nasipwondi ni mke wa boma hili, kwamba nyumba yake haitaguswa, na kwamba atakapokufa atazikwa ndani ya ua, upande wa kushoto wa kaburi langu. Niliisoma mara mbili, kwa sauti, kisha nikaiweka mezani pamoja na kalamu.

Wazee watano walitia sahihi. Wawili waliweka kidole gumba. Mzee Ooko aliinuka, akachukua fimbo yake na kutoka bila kuaga mtu. Karatasi ninayo hapa Kaloleni, na Becky ameipiga picha na kuhifadhi nakala tatu.